Jogoo wa Kwenye Maranda

Waithera ana cherehani yake mlango wa pili kutoka kwa fundi wa mbao, hapo Kitale, kwa hivyo mazoea ya fundi huyo anayajua. Asubuhi, kabla ya kushika randa, fundi huchemsha jogoo mzee, kisha humzika na sufuria yake kwenye sanduku lililojaa maranda na kulifunga kwa mpira wa tyubu. Moto hana haja nao tena. Jogoo hujiivia humo huku yeye akipiga misumari, na kila akipita hulipapasa sanduku kama anayepima homa ya mtoto. "Pole pole, mzee," humwambia.

Jana fundi alipokwenda kutafuta bawaba, alimwachia Waithera karakana, naye akamuuzia mteja wa Bungoma sanduku la shule. Yalikuwa mawili, yamefanana mpaka mpira. "Hii ndiyo mbao, bana! Ona uzito," mteja alisifu akilipakia kwenye pikapu. Fundi aliporudi saa nane, akafungua lililobaki na kukuta ni tupu, Waithera alitamani ardhi immeze. Akampigia mteja simu.

"Mama, si tumefungua tuweke nguo za msichana, tukapata jogoo!" mteja akacheka. "Tukadhani ni ofa. Tumemaliza."

Fundi akanyoosha mkono wake wenye gundi, akaichukua simu. Waithera akajikunyata, akingoja matusi.

"Alikuwa bado moto?"

"Ametuchoma vidole!"

"Na amelainika?"

"Mpaka mifupa, fundi."

Jioni fundi alikula mkate mkavu, ameketi juu ya sanduku tupu, na kila alipotafuna alicheka peke yake: "Mpaka Bungoma!"