Mdundo Wangu Juu ya Lori la Pombe

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikitengeneza midundo ya hip hop katika chumba kimoja nyuma ya duka la kupiga picha mjini Kericho. Midundo mitupu, bila mwimbaji. Kampuni za matangazo za Nairobi zilikuwa zimeanza kuitafuta. Zilitaka muziki wa dakika moja hivi, unaosikika kama wa vijana wa siku hizo, ili mtangazaji azungumze juu yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga kinanda wa kanisa, binti wa wachumaji wa majani chai waliohamia kambi ya wafanyakazi wa shamba kutoka milima ya upande wa magharibi. Nairobi nilikuwa nimefika mara mbili tu.

Chumba kilikuwa cha mwenye duka, mzee wa Kikipsigis aliyenunua mashine ya kurekodi kwaya. Asubuhi nilimsaidia kurekodi. Kwaya zikishaondoka alinipa funguo.

"Cheza unachotaka," aliniambia, "bora usiniharibie mashine."

Kinanda cha umeme kilikuwa changu. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekinunua kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kaka aliendesha trekta la kukusanya majani kutoka vituo vya kuchumia hadi kiwandani, na kanda za rap za Marekani alizokuwa akiniletea alizipata kwa madereva wenzake, zimerekodiwa juu ya mahubiri, kiasi kwamba wimbo ukiisha unasikia mtu akiita watu watubu. Hakujua noti hata moja. Lakini angekaa kwenye kiti cha wateja, afumbe macho, halafu aniambie, "Hapo imelala. Amsha." Nikiangalia, kweli imelala.

Kaka alikuwa mlevi. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu nyumbani tulikuwa tukisema "hajisikii vizuri". Kazi ya trekta ilimwishia siku alipoliacha mtaroni na mzigo mzima wa majani, yakakaa juani mpaka yakawa mekundu. Baada ya hapo alikunywa mwaka mzima. Kisha akaacha. Hakutangaza, hakuapa kanisani, aliacha tu. Mama alikuwa akimwangalia akinywa chai kama mtu anayeangalia mtoto akitembea mara ya kwanza, anaogopa hata kusema kitu.

Mdundo ninaousimulia tuliutengeneza katika miezi hiyo. Sauti ya makofi ya kinanda changu ilikuwa nyembamba, haina nguvu. Kaka akachukua kikapu kikuukuu cha mama cha kuchumia majani, akakipindua, akakipiga kwa kiganja. Kilitoa sauti kavu, nzito, ambayo sijaisikia kwenye rekodi yoyote ya Marekani. Nikamrekodi. Alipiga mpaka kiganja kikavimba, akicheka. Chini yake nikaweka besi, taratibu, na filimbi kidogo. Tulipousikiliza hakusema imelala. Akaniomba niurudie.

Wiki chache baadaye mwanamume wa kampuni ya matangazo alifika dukani kununua filamu ya kamera. Alikuwa amekuja kupiga picha mashamba ya chai. Alisikia mdundo kupitia ukuta.

"Nani anapiga hiyo?" akauliza.

"Ni msichana wetu," mzee akajibu.

Yule mtu aliingia, akasikiliza mara tatu akiwa amesimama, akasema hakujua kitu kama hicho kinaweza kutoka huku kwa majani chai. Nilifurahi wakati huo. Leo nikikumbuka ule mshangao wake, damu inanipanda. Alisema kuna kipindi cha redio cha vijana kinaandaliwa, cha kuwahimiza wasiache shule, na kinahitaji muziki. Akatoa karatasi. Nikatia sahihi. Alinilipa palepale, kwa hiyo sina malalamiko ya pesa, na watu wanaodhani hasira yangu ni ya pesa hawajanielewa.

Kipindi hicho sikukisikia kamwe. Nilichosikia ni kikapu cha mama.

Ilikuwa siku ya soko Chepseon. Mimi na mama tulikuwa tumeenda kununua mbegu za mahindi. Lori jeupe liliingia uwanjani likiwa na vipaza sauti vikubwa, na wasichana waliovaa fulana za aina moja wakicheza juu yake. Mdundo ukaanza. Mama akanishika mkono.

"Si hiyo ni ile yenu?"

Nilitaka kusema hapana. Mwenye kipaza sauti akaanza kupiga kelele jina la pombe kali mpya ya vipakiti, ile unayong'oa kona kwa meno na kunywa hapohapo. Akasema ni kinywaji cha kijana wa kisasa. Wasichana wakarusha vipakiti kwenye umati, na nikaona watu wazima, baba za watu, wakigombania chini kwenye matope. Nyuma ya hayo yote kiganja cha kaka yangu kilikuwa kikipiga, pa, pa, safi kabisa.

Nilipanda ngazi ya lori. Nikamwambia kijana aliyesimamia mitambo, "Zima. Huo ni muziki wangu."

Akanicheka, akanipa kipakiti. "Shika, madam. Ni ya bure."

Nilikirusha kikamgonga kifuani. Mama aliniteremsha kwa nguvu, akanivuta hadi barabarani, tukarudi nyumbani bila mbegu. Njia nzima nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: kaka asisikie.

Lakini lori lilikuwa linapita kila soko. Siku ya nne mzee wa duka aliniita nje, akaniambia kwa upole kwamba niende baa iliyo nyuma ya soko. Ilikuwa saa tano asubuhi. Kaka alikuwa amezungukwa na watu, akipiga meza kwa kiganja.

"Mkono mnaousikia kwa lori ni huu hapa!" alikuwa akisema. "Mimi na sista yangu!"

Walikuwa wakimnunulia. Kila aliyeingia aliambiwa, na kila aliyeambiwa aliagiza kipakiti kimoja kwa heshima ya msanii. Kaka aliponiona uso wake uliwaka kwa furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyonikata.

"Sista, njoo uwaambie. Wanadhani nadanganya."

Kila mtu akanigeukia. Ningesema anadanganya, ningemwaibisha mbele ya watu waliokuwa wamemheshimu kwa mara ya kwanza tangu lile trekta. Nikasema, "Ni kweli, ni yeye." Wakashangilia, wakamwagizia kingine.

Jumatatu iliyofuata nilienda Nairobi. Yule mtu alinitambua, akanikaribisha kiti, akaagiza chai. Sikuinywa.

"Uliniambia ni kipindi cha vijana," nikasema.

"Kipindi kilikataliwa. Tukapata mteja mwingine." Akafungua faili, akanionyesha karatasi yangu. "Matumizi yoyote, mahali popote, wakati wowote. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu. Uondoe kwa lori."

"Dadangu, muziki hauna maneno. Haujamwambia mtu yeyote anywe."

"Kaka yangu alikuwa ameacha. Sasa anakunywa."

Alifunga faili. Sitasema alikuwa mtu mbaya, alionekana kuhurumia. "Pole sana," akasema. "Lakini alikuwa anakunywa kabla ya sisi, si ndiyo?"

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli nilitamani kumpindulia meza. Niliondoka. Nikaiandikia kampuni ya pombe yenyewe barua ya kurasa mbili, nikaeleza kila kitu. Baada ya mwezi jibu lilikuja dukani: sanduku la fulana na vipakiti, na kadi ya kunishukuru kwa kuwa rafiki wa kinywaji chao. Sidhani hata waliisoma barua. Mimi na mama tulivimwaga vipakiti vyote chooni, kimoja kimoja, yeye akivitoboa kwa sindano ya kushonea magunia. Fulana alizifanya matambara ya kupangusia sakafu, na alikuwa akizikanyaga kwa makusudi.

Katika kazi hiyo ndipo aliponiuliza, "Kwa nini ulitia sahihi kitu ambacho hukukisoma?"

"Nilikisoma, mama."

Huo ndio ukweli, na ndio unaonichoma kuliko lori. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza nilikuwa nakijua. Niliona maneno "matumizi yoyote" na nikayaruka, kwa sababu mtu wa Nairobi alikuwa amesimama kwenye chumba chetu akisema muziki wangu ni mzuri.

Lori lilizunguka miezi kadhaa, halafu likaacha, si kwa sababu yangu, walibadilisha tangazo. Mimi niliendelea kutengeneza midundo, maana ndiyo kazi niliyoijua, lakini niliandika karatasi yangu mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na mstari wa kwanza ulikuwa unauliza muziki huu utauza nini. Wengi walicheka wakaondoka. Wachache walitia sahihi. Mmoja aliniita mtu wa dini. Nilimwonyesha mlango.

Kaka aliacha tena, akaanza tena, akaacha. Sasa ana mvi na ng'ombe wawili wa maziwa, na mikono inamtetemeka hata akiwa hajanywa. Hajawahi kunilaumu. Tukikaa kula anapenda kuwaambia watoto wangu kwamba ule ndio mdundo bora tuliowahi kufanya, kwamba hata Wamarekani hawakuwa nao. Anasema bila uchungu wowote, huku akinitazama ili nikubali.

Namsikia, najua anasema kweli, na kila mara nainuka nakwenda jikoni.