Chai Asiyokunywa Marsela

Ni Alhamisi, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Marsela Lohay anapiga magoti ukingoni mwa banio, pale maji ya chemchemi yanapoingia mferejini, Mang'ola wilayani Karatu. Anafungua kufuli, anazungusha usukani wa chuma, na lango linapanda kidogo kidogo. Maji yanageukia mashamba ya vitunguu. Anaandika saa kwenye daftari, kisha anakaa juu ya jiwe, peke yake.

Mjane huyu wa miaka 54 ni mgawa maji wa jumuiya ya watumia maji kwa mwaka wa tisa sasa. Wakulima 86 wanamtegemea, na karibu wote anawakwepa.

"Nakula hapahapa, kiporo changu," anasema. "Kwa mtu sili. Hata maji ya kunywa naja nayo."

Naam, mwenye ufunguo wa maji ya watu wote hao anatembea na kidumu chake.

Si maringo. Mwaka wake wa kwanza alikaribishwa makande kwa jirani yake, Fabian, akala akashiba. Kesho yake takataka zikakwamisha lango, zamu ya Fabian ikazidi nusu saa. Kufika jioni kijiji kilikuwa kimeshahukumu: Marsela ameuza maji kwa sahani ya makande.

"Niliitwa mkutanoni kama mwizi. Nikaapa, mpaka nirudishe ufunguo huu, sinywi hata chai ya mtu."

Dada yake mkubwa, Sabina, hakutaka kabisa kukisikia kiapo hicho. Kila Alhamisi, siku ya zamu ya shamba lake la vitunguu, alikuja na chupa ya chai ya maziwa akaiweka juu ya jiwe. Marsela hakuigusa hata mara moja. Lakini walipiga soga mpaka zamu ikaisha, na Sabina akarudi nyumbani na chupa yake imejaa vilevile.

Mwaka huu chemchemi imepungua. Maji kwenye kipimo kilichochorwa ukutani mwa banio yameshuka kutoka sentimita 40 hadi 22. Kibali cha jumuiya kinasema wazi kwamba maji ya kunywa ya watu na mifugo ni kwanza, mto uachiwe sehemu yake, ndipo mashamba yafuate. Zamu zikakatwa kutoka urefu wa saa sita hadi saa tatu, na kila jioni maji yanaelekezwa kwenye birika la mifugo huko chini.

Mwezi Agosti vitunguu vya Sabina vilianza kunyauka, zikiwa zimebaki wiki sita kabla ya kuvunwa. Alikuwa ameuza mbuzi wake wote ili avipande. Akaja jioni, muda wa mifugo.

"Mdogo wangu, nipe saa moja tu. Ng'ombe watakunywa kesho."

"Dada, saa hii si yangu kukupa."

Birikani alikuwapo Lesiamon, mfugaji aliyeswaga ng'ombe siku mbili kutoka Endulen. "Jioni ile maji yalikuja, ng'ombe wangu wakapona," anasema. "Huyo mama simjui hata sura."

Sabina alipoteza nusu ya shamba.

Leo, saa tatu kamili, Sabina anafika kwa zamu yake. Mikono mitupu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Anasaini daftari na kwenda kusimama mbali, akiyatazama maji.

"Nilikuwa namwambia aache kunisumbua na chai yake," anasema Marsela. "Sasa ameacha. Naumia, ndugu mwandishi. Lakini hata leo angeniomba saa ile, ningemnyima."

Desemba mkutano mkuu utachagua mgawa maji mwingine. Yeye hatagombea. Majani ya chai na sukari ameshanunua, viko kabatini.

"Nikikabidhi ufunguo tu, nachemsha maziwa, naenda kwa Sabina. Safari hii chupa naibeba mimi. Akikataa kunywa, nitaiweka pale nikae naye. Halafu Alhamisi inayofuata nitakwenda tena."