Chawa Kwenye Chungu cha Madame

Nimewahi kupigwa na polisi. Nimewahi kupigwa kwenye fujo za kufukuza wageni. Lakini kipigo kilichoning'oa meno mawili na kuniachia sikio moja bovu nilikipata kwa ajili ya wadudu wadogo kuliko punje ya ufuta.

Sitanii. Hili pengo mnaloliona kwenye picha yangu chanzo chake ni voisi.

Naitwa Luqman, mtu wa Tanga, mwaka wa sita huu nipo Johannesburg. Kazi yangu ni kutibu maua ya ndani ya nyumba. Cheka tu, hata mama yangu alicheka.

Aliyenifundisha ni Mama Masika, Mkongo wa Butembo, anauza miche Malvern, pale Jules Street. Huyu mama ana lugha yake. Ua likiugua, analiita "mgonjwa." Mdudu yeyote mdogo anayekaa kwenye mmea, vitabuni aitwe vyovyote, kwake ni "chawa." Nami nikayabeba maneno yake mawili kama yalivyo.

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyotaka kunizika.

Siku hiyo niliitwa Kensington, kwa mzee Damien, Mkongo wa Lubumbashi mwenye malori yake. Sukari ilikuwa imemmaliza. Miguu imevimba, macho yamefifia. Alishinda kwenye kiti dirishani, kando ya okidi kumi na moja alizoachiwa na marehemu mkewe, Thérèse. Moja, nyeupe, alikuwa anaiita Madame.

"Luqman," akaniambia, "ile siku Madame atakufa, na miye naenda."

Hakuwa anatania. Na Madame kweli alikuwa anakufa. Majani yamelegea, mizizi imeoza nusu.

Nyumbani humo walikuwemo watu wawili zaidi. Ishaka, mtu wa Dar, mnene, mweupe wa mkorogo, analala chumba cha chini. Yeye ndiye aliyekuwa anampa mzee dawa kwa mkono wake, pale pale dirishani. Na Gradi, dereva Mkongo, mwembamba, mweusi tii, hatulii sehemu moja.

Kazi yao hasa ilikuwa kumsifia mzee na kula kwake. Bongo watu wa namna hiyo tunawaita chawa.

Mmeshaona tunakoelekea. Mimi sikuona.

Ishaka aliniunga kwenye grupu la WhatsApp la nyumba ili niwe natangaza nikifika getini. Nikaanza kazi. Okidi haipandwi kwenye udongo, inapandwa kwenye vipande vya magome, na wadudu wake wanajificha humo. Nikamwaga maji chunguni, vikaruka vidudu vyeupe vidogo sana. Hao ni watu wa amani, wanakula uozo tu. Nikaweka kipande cha kiazi juu ya magome. Kesho yake nikakigeuza, chini yake funza wa vile vijinzi vyeusi vyembamba vinavyozungukazunguka.

Nikatandika karatasi nyeupe, nikakung'utia mizizi, nikashika lenzi. Wauaji ndio hao. Wanene, weupe, wamejipaka unga wao, wamejibanza chini kabisa. Vidung'ata.

Ila kulikuwa na kitu cha nne sikukijua. Chembe nyeupe za duara, zimefukiwa kwenye magome, zimeanza kulainika. Nikasema haya ni mayai. Ya mdudu gani? Mama Masika atajua.

Nikatoka. Pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikingoja kuvuka, nikarekodi:

"Shikamoo mama. Chawa nimeshawajua. Kuna yule mweusi mwembamba, anazungukazunguka tu, huyo dawa yake ndogo. Lakini yule mnene mweupe aliyejificha chini ndiye anayemnyonya mgonjwa. Akiendelea hivi, mwezi haufiki mgonjwa anakufa. Na mayai yao nimeyaona, meupe, yamefukiwa kwenye chungu cha Madame. Kesho saa nne nakuja na dawa na kisu. Simwachi hata mmoja."

Nikatuma. Sikuangalia juu ya kioo cha simu pameandikwa jina la nani.

Mama Masika hakujibu. Nikasema labda yuko kanisani.

Saa nne asubuhi Gradi alinifungulia geti akitabasamu. Tangu niingie nyumba ile sijawahi kuona meno ya Gradi.

"Pita hapa gereji. Bosi anakungoja."

Mlango wa gereji ulishuka nyuma yangu. Kabla sijageuka, spana ya magurudumu ilitua mgongoni. Nikaanguka kifudifudi kwenye sakafu ya saruji. Ya pili ikanipata sikioni, na huko mpaka leo nasikia mluzi tu.

Gradi akamwaga mkoba wangu. Kisu cha kukatia mizizi. Chupa ya spiriti. Kibano.

"Iko na kibano! Alikuya kutung'oa makucha!"

Ishaka akanikanyaga mkono. Kidole kikavunjika, nikakisikia.

"Nani mwingine anajua habari ya mayai?"

"Mama Masika!"

"Masika ndiye nani? Polisi?"

"Anauza miche!"

Akanipiga teke la mdomo. Jino moja nililitema, la pili sijui liko wapi mpaka leo.

"Yaani mimi ndiye unaniita chawa? Kwenye grupu? Mbele ya Bosi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikajitahidi kusema huku damu imejaa mdomoni.

"Maua, kaka! Maua!"

"Unamsikia?" Ishaka akamgeukia Gradi. "Bado anatutishia mauaji!"

Kipigo kikaanza upya. Mbavu, kiuno, mbavu tena. Nililia na kumwita mama yangu, sioni aibu kusema.

Na Ishaka anapiga huku anajisemea, hakuna aliyemuuliza. "Miaka minne namlisha yule mzee vidonge kwa mkono wangu! Miezi michache tu ilibaki afe kimya kimya, nyumba iwe yetu! Halafu wewe mtu wa mbolea unakuja kuchimbachimba!"

Gradi alifungua ile spiriti yangu, akanimwagia kichwani. Akaanza kujipapasa mifuko akitafuta kiberiti.

Mlango wa ndani ukafunguka.

Alikuwa mzee Damien, pekupeku, miguu imevimba, amekumbatia chungu cha Madame kifuani.

"Luqman iko wapi? Nimemuletea mugonjwa." Kisha akaona damu. Kisha nadhani yale maneno aliyoyasikia akiwa mlangoni yakamfika. "Vidonge gani, Ishaka?"

Ishaka alimwendea na spana mkononi.

Mzee akakinyanyua kile chungu alichosema kikifa na yeye anakwenda. Akakishusha kwenye paji la uso la Ishaka kwa nguvu zake zote zilizobaki.

Chungu kikapasuka. Ishaka akaanguka. Magome, mizizi, vigae, na katikati yake yale mayai yangu yakatawanyika sakafuni.

Mzee akainama, akaokota moja, akalisogeza karibu na jicho.

"Njo dawa yangu hii," akasema taratibu. "Basi miye nilikuwa namezaka nini?"

"Peremende, Bosi," Gradi akalia. "Ishaka alikuwa anakupa peremende. Dawa anafukia humo kwenye maua."

Mgonjwa wa sukari, jamani. Peremende.

Mzee akaokota spana. Sitaandika yote. Niseme tu Ishaka aliingia mahakamani kwa magongo. Gradi alikimbilia mlango wa gereji, mlango alioufunga kwa kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Mtupa jongoo hutupa na mti wake.

Mzee alikuja kuniona hospitali wiki iliyofuata, anatembea vizuri kuliko mimi.

"Mzee, ile voisi uliisikia?"

"Mara tatu. Nilibeba Madame, nikalala naye kwenye chumba, nikafunga mulango. Nilisema labda njo usiku wetu wa mwisho."

Kumbe ndiyo maana Ishaka alishindwa kwenda kuvifukua vile vidonge.

"Ulidhani namsema nani?"

Akanishangaa. "Maua. Weye unatibuka maua. Ungesema nani?"

Nililia tena, safari hii mbavu ziliuma zaidi.

Madame nilimpanda upya kwa mkono mmoja. Mzizi mmoja tu ulikuwa mzima. Mwezi uliopita katoa jani.

Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, mimi siongezi hapo. Langu ni dogo. Kabla hujatuma voisi, angalia jina la anayepokea.

Na jingine. Miaka sita nawaita wale wadudu chawa, nawaangalia kwa lenzi, nawataja mmoja mmoja kwa sauti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka kuniuliza kwa nini namtukana.