Shangazi Aliyetaka Kutandikiwa

Shangazi yangu, dada yake baba, ametandika vitanda vya hoteli tangu mimi sijaota meno. Wenzake kazini wanamwita Mama Shuka. Watu wanatoka mbali kuja kutazama magofu ya kwetu, wanalala, wanaondoka, yeye anabaki kuokota soksi zao uvunguni. Siku moja aliokota picha ya kasri la kale la nchi ya jirani kwenye kikapu cha taka, akaibandika ndani ya kabati lake.

"Na mimi kabla sijazeeka nitakwenda mahali nikawe mgeni," alisema. "Nitandikiwe."

Mwaka huu alikwenda kweli. Mimi nilimsindikiza, mwanangu mgongoni, maana bado ananyonya. Hatukuwa na wakala wala mtu wa kututembeza. Tulipanda basi, tukavuka mpaka, tukatafuta nyumba ya wageni ya bei ya chini nyuma ya soko. Siku ya kwanza tulitembea kwa miguu mpaka viatu vikaomba msamaha. Tuliona ukuta wa kale, lango la mizinga, na kisima ambacho ngazi zake zimelika kwa nyayo za wachota maji. Tulikula mkate na chai ya kuchemsha chumbani. Kasri tuliliacha la mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani.

Lakini asubuhi hiyo, kabla hatujatoka, nilikuwa nimemkuta Shangazi ameshatoa shuka kitandani, amezifunga ndani ya foronya, amefuta sinki na kufagia mpaka chini ya kabati.

"Shangazi, si ulisema utandikiwe?"

"Binti wa usafi hapa ana mimba, hujaona anavyoinama? Halafu hii mikono yangu ina wazimu wake, mwanangu. Niache."

Kesho yake tuliposhuka kwenda kasri, tulimkuta yule binti mapokezi analia, ndoo iko miguuni. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alikuwa anamfokea.

"Mgeni! Mgeni anakushinda kazi! Jana nimeingia chumba chao kinang'aa, vyako vina vumbi. Nenda kwenu!"

Kisha akatugeukia, sauti imepakwa asali. "Mama, una mkono wewe. Nimalizie vyumba vilivyobaki, leo mlale bure. Kasri lipo, halihami."

Basi letu la kurudi lilikuwa jioni hiyo hiyo, na kasri hufungwa mapema. Nilihisi masikio yanawaka.

"Umemfukuza kwa ajili ya shuka zangu?" Shangazi akauliza.

"Kwa uvivu wake."

"Ana mimba huyu!"

"Si mimi niliyempa."

Shangazi alivuta kiti, akakiweka katikati ya mlango wa mbele, akakaa. Nami nikakaa kwenye ngazi, nikamnyonyesha mtoto, nimekasirika hata maziwa yalikuwa hayashuki.

Wakaja vijana wawili na mabegi mgongoni. Shangazi akawachangamkia. "Karibuni! Hapa mgeni anatandika mwenyewe, halafu anasaidia vyumba vya jirani. Dekio lile pale, chagueni."

Wakatazamana, wakageuza. Akaja bwana na mkewe, nao hivyo hivyo.

"Wewe ni mgeni gani wewe?" mwenye nyumba akafoka.

"Mgeni aliyelipa. Huyu arudi kazini, tena mbele ya macho yangu, au nitakaa hapa mpaka basi langu."

Jua likapanda. Nilijua Shangazi anawaza kasri lake, kwa jinsi alivyoitazama saa ya ukutani na kuuma mdomo. Walipogeuza wageni wa tatu, mwenye nyumba aliisukuma ndoo kwa mguu. "Haya, chukua! Mniondokee!"

Binti akaiokota. Alipotupita, alisema chini chini, bila kucheka, "Mama, nakuomba. Ukienda kwingine, usimsaidie mtu."

Neno hilo lilimchoma Shangazi kuliko makelele yote. Njia nzima tulikuwa tunakimbia tu.

Kasrini tuliwahi kwa taabu. Chumba cha juu kina kitanda kikubwa, mbele yake kamba, kando yake kibao. Shangazi akakisoma kwa sauti, mara mbili. Mfalme aliyekilalia yumo. Fundi aliyekichonga yumo. Tajiri aliyekinunua yumo.

"Na aliyekitandika kila asubuhi?" akamuuliza mlinzi. "Au kilikuwa kinajitandika?"

Mlinzi akainua mabega. Hapo ndipo Shangazi alipoiona kona ya tandiko imepinda. Mkono ukavuka kamba.

"Mama, usiguse."

Akaurudisha. Akaifungia mikono yote miwili kwapani, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mbwa.

"Limepinda," akasema.

"Naona, mama."

"Basi lipinde! Mimi hapa ni mgeni."

Akasimama hivyo hivyo, amenuna, macho kwenye ile kona, mpaka kengele ya kufunga ikalia.