Taa ya Breki kwenye Pikipiki ya Milimani

Mume wangu alikuwa bwana shamba, na pikipiki aliyopewa kazini ilikuwa ya porini, ya matairi yenye meno, iliyoundwa kwa kupanda milima. Mbele ilikuwa na taa. Nyuma ilikuwa na matope tu. Tulipokaa milimani juu ya Kilosa hilo halikumsumbua mtu, maana huko waliomfuata nyuma walikuwa mbuzi. Kisha vijiji vya ujamaa vikaanzishwa upande wa Malolo, akahamishiwa Mikumi, na njia yake ya kazini ikawa lami. Lami yenyewe ile ya malori ya Zambia, yanayoteremka kama ng'ombe waliokata kamba.

Mimi sina mdomo wa kuazima. Wiki ya kwanza tu nilimwambia, "Baba watoto, utakufa wewe. Lori likikujia nyuma litajuaje kama unasimama?" Akacheka, akasema atainua mkono. Nikamuuliza, huo mkono ukiwa juu, usukani utaushika na nini, meno? Baadaye trafiki wa hapo Mikumi akamsimamisha, akamwambia akimwona tena barabarani bila taa ya breki, pikipiki italala kituoni. Nilimshukuru Mungu kwa yule trafiki. Niliposema mimi zilikuwa kelele za mke. Aliposema mwenye kofia nyeupe, ikawa sheria.

Lakini miaka ile taa ya pikipiki ungeipata duka gani? Sabuni yenyewe tuliipangia foleni. Mzee mmoja fundi wa baiskeli na cherehani, kule Kilosa, akasema ataing'oa kwenye pikipiki mbovu ya misheni, iliyokuwa imegeuka kiota cha kuku. Nilikwenda naye mume wangu kwa fundi, nione kwa macho yangu. Nikampa mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Akaikaza taa juu ya kipande cha bati, akapitisha waya chini ya kiti, akafunga swichi ndogo yenye springi kwenye pedeli ya breki. Akapiga kiki, injini ikanguruma, akakanyaga breki. Ikawaka, nyekundu kabisa. Nilipiga kigelegele palepale, wapita njia wakadhani kuna harusi.

Mzee akamgeukia mume wangu. "Bwana shamba, sikiliza vizuri. Hii haina betri. Umeme unatoka kwenye injini ikizunguka. Ukizima injini, taa huna. Kwenye lami usizime."

Alijua anachokisema, kwa sababu kuzima ndiyo ilikuwa desturi yao. Petroli ilitolewa kwa kipimo ofisini Kilosa, na ikiisha kabla ya mwezi, bwana shamba alitembea kwa miguu. Kwa hiyo mabwana shamba wote wa milimani wakifika kileleni walizima injini, wakateremka kimya, upepo ukiwapiga masikioni. Walishindana nani atabakiza zaidi. Mume wangu aliwahi kusifiwa mkutanoni, mbele ya wenzake, kwa kutunza mafuta ya umma. Siku hiyo alirudi nyumbani amevimba kifua, hata chai alikunywa kwa maringo.

"Nimekuelewa, mzee," alisema. Njiani nilimwapisha. Nikamwapisha tena kila asubuhi, mpaka akasema, "Mama watoto, jamani, hata redio huzimwa!" Basi nikatulia. Jioni nilikuwa nikiona ule wekundu kwenye ua wetu wa matete, nikajua amesimama mlangoni, nikaanza kupakua chakula. Niliipenda taa ile.

Alikufa alasiri, akitoka Malolo, mawingu yametanda. Nyani walikatiza barabara katikati ya mteremko, akashika breki. Dereva wa lori lililokuwa nyuma alisema aliiona pikipiki inakwenda, mara akaiona iko mbele ya bampa. Alikwepa, akamkumba kwa ubavu. Mume wangu alitupwa kwenye mawe. Pikipiki iliangukia majanini, usukani umepinda, taa haina hata ufa.

Tulipomaliza kuzika, trafiki yuleyule alituletea pikipiki nyumbani. Akapiga kiki, ikawaka. Akakanyaga breki, taa ikawaka. "Taa inafanya kazi, mama," akasema, kama ananifariji. "Dereva hakuwa anatazama mbele."

"Zima injini," nikamwambia. "Sasa kanyaga."

Akakanyaga. Akakanyaga tena. Nikamuuliza swichi ya injini waliikuta vipi pale majanini. Akavua kofia.

"Ilikuwa imezimwa, mama."

Loo! Nililia kwa hasira kabla sijalia kwa huzuni. Nilimtukana marehemu mbele za watu, mjinga wee, mkaidi wee, umeniachia watoto kwa ajili ya mteremko mmoja, mpaka shangazi yake akaniziba mdomo kwa khanga. Sikujali. Mpaka leo sijali.

Matanga hayajaanuliwa, akaja tarishi kutoka ofisini Kilosa, ameshika galoni na kipande cha mpira. Alinisalimia kwa adabu, akanipa pole, kisha akasema ametumwa kuchukua mafuta ya serikali yaliyobaki kwenye tangi, kwa ajili ya bwana shamba mpya. Nikamwonyesha pikipiki ilipo. Akachovya mpira, akanyonya, akatema, petroli ikaanza kumiminika. Nilisimama pale nikingoja ikatike. Haikukatika. Galoni likajaa, akaniomba ndoo.

"Marehemu alikuwa anajua kubakiza," akasema.

"Nyonya yote," nikamwambia. "Nyonya mpaka tone la mwisho. Hayo ndiyo aliyoyafia."

Akasema, "Pole, mama." Kisha akarudisha mpira mdomoni.