Neno la Maziwa

Nilipoolewa Nyakiriba, mlimani juu ya mji wetu, nilikuwa najua Kinyarwanda cha sokoni. Kilinitosha kununua viazi, kukataa bei, kumpa pole aliyefiwa na kumfukuza kijana anayenisogelea kupita kiasi. Nilidhani ndicho Kinyarwanda chote. Hakuna aliyeniambia kuwa kipo kingine, cha ndani ya ua, na kwamba nitaingia humo nikiwa kama bubu.

Kwetu tulisema Kiswahili. Baba alikuwa baharia katika boti za mizigo zilizokwenda Bukavu na kurudi, na humo ndani Mshi, Mhavu, Mnyarwanda na mtu wa Maniema walisikilizana kwa lugha hiyo. Mama alifariki nikiwa mdogo sana. Baba akanilea mwenyewe, akanipikia, akanisuka nywele vibaya mpaka majirani wakamhurumia na kunifumua. Babu yake alikuja huku akiwa mpagazi wa wafanyabiashara kutoka Tanganyika, akaugua njiani, wenzake wakamwacha, naye akabaki. Kwa hiyo sisi hatukuwa na mlima, yaani mahali pa ukoo wetu. Na katika nchi ile mtu aliulizwa mlima wake hata kabla ya jina lake.

Tulikaa mjini Gisenyi, chini ya kilima cha Nengo, karibu na ziwa. Tulibatizwa, Jumapili hatukukosa misa, lakini watu wa milimani walituita Waswahili, na walipolitamka neno hilo walikuwa na maana ya mjanja, mwongo, mtu asiye na kwao. Padri naye hakupenda kukisikia Kiswahili uani kwake. Askari alitutukana kwa Kiswahili, Mzungu wa ofisini aliamuru kwa Kiswahili, lakini niliyedharauliwa kwa kukisema ni mimi. Jambo hilo lilinikera tangu utotoni, na linanikera mpaka leo.

Bwana yangu alishuka kutoka Nyakiriba kufanya kazi katika ghala moja pale bandarini. Kiswahili alikishika upesi, akanichumbia kwa hicho hicho.

"We ukicheka, mi nasahau kazi," aliniambia siku moja nilipompelekea baba chakula. "Donc itabidi nikuoe, ama patron atanifukuza."

Nilimwambia afukuzwe tu. Akarudi kesho yake na keshokutwa, nami nikaanza kuchagua kitenge cha kuvaa kabla ya kupeleka chakula.

Siku ya posa baba aliazima msemaji. Kwa watu wa milimani binti huombwa kwa maneno: msemaji wa upande mmoja anasihi, wa upande wa pili anakataa, anazungusha, anatania, anakumbusha ukoo na ukoo, mpaka mwisho anakubali. Baba hakuweza hayo. Alikaa nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni, mtu mwingine akimwozesha binti yake kwa maneno aliyoyaelewa nusu. Wenzake walipocheka, alicheka nyuma yao kidogo. Nilimwona kupitia mlangoni, lakini nilikuwa naolewa na mtu niliyempenda, basi nikajikaza.

Kule mlimani mama mkwe alinipokea bila chuki. Aliniketisha, akanieleza sheria ya nyumba. Mke hataji jina la baba mkwe wake. Na si jina peke yake, hata neno la kawaida linalosikika ndani ya jina hilo halitamki. Jina la baba mkwe lilikuwa limebeba neno amata, yaani maziwa. Sitaliandika lote hata leo. Mzee amekufa zamani, lakini mkono wenyewe unakataa.

"Kwa hiyo niseme nini?" niliuliza.

"Wenzako watakuonyesha," alisema.

Mwenzangu alikuwa mke wa kaka mkubwa wa bwana yangu. Wake wa ua ule walikuwa na neno lao walilorithishana, la kuyataja maziwa pasipo kumgusa mzee. Nilimwomba anipe. Akacheka, akasema nitalisikia tu. Lakini kila nilipokaribia alipunguza sauti, au alinyamaza kabisa. Mwanzoni niliona ni mzaha wa kumpima bibi harusi. Miezi ilipopita nikaelewa kuwa neno lile lilikuwa mlango, na yeye ndiye aliyeshika komeo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wafugaji wa ng'ombe. Haipiti saa bila maziwa kutajwa: yamekamuliwa, yamegawiwa, yameganda, chombo kipi kimeoshwa. Nikawa nanyoosha kidole kama mtoto. Siku moja nikachoka, nikasema kwa lugha yangu: "Nimeweka maziwa ndani." Moyoni niliona nimefanya jambo la akili. Jina la mzee sikuligusa, heshima nimeitunza, na mdomo wangu umefunguka. Mama mkwe aliendelea na kazi yake. Nikadhani amekubali.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu wa mjini. Kwangu mimi maziwa lilikuwa neno tu. Kwao lilikuwa sauti ya soko. Mjini ndiko maziwa yalikopimwa kwa kikombe na kuuzwa kwa mpita njia yeyote. Mlimani, nyumba yenye heshima haikuuza maziwa. Mgeni alinyweshwa, mtoto alipewa, mzazi alipelekewa. Kila nilipotamka neno langu ni kama niliweka meza ya biashara katikati ya ua wa mzee. Hakuna aliyenieleza. Waliniacha niendelee, wakasimuliana kisimani.

Kilichoniumiza zaidi ni bwana yangu. Mjini, kabla ya ndoa, tuliongea Kiswahili kutwa nzima. Sasa akipanda mlima kutoka ghalani, alikiacha njiani. Nikimsemesha kwa Kiswahili uani, ananijibu Kinyarwanda huku akitazama kando, kama tajiri anayeombwa na ndugu maskini mbele ya watu. Nilimuuliza mara moja anaona haya ya nini. Alisema nisimtafutie maneno.

Kisha nikapata mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa naye kutwa, na tukiwa wawili tu nilimsemesha kama baba alivyonisemesha mimi. Sikuona ubaya. Lugha ile ndiyo niliyojua kumbembeleza nayo; Kinyarwanda changu cha sokoni hakikuwa na maneno ya kumlaza mtoto.

Alipokuwa ameanza kusema, siku moja mzee alipata wageni. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa wakinywa pombe ya ndizi. Mzee alimpenda sana mjukuu wake. Akachukua chombo cha mti cha maziwa, akakiinamisha ili ampe mbele ya watu. Mtoto akanyoosha mikono miwili, akasema kwa sauti kubwa na safi:

"Maziwa! Maziwa!"

Mzee akakirudisha chombo magotini.

"Hapa hatuuzi," akamwambia.

Wageni wakacheka. Mwenzangu, aliyekuwa akipitisha mirija ya pombe, akacheka kuliko wote. Mtoto akaanza kulia, bado mikono ameinyoosha. Nilimtazama bwana yangu. Alikuwa anatazama chini, anachokonoa ardhi kwa kijiti.

"Mlininyima neno!" nikasema. "Mlinificha makusudi, sasa mnamcheka mtoto? Ni amata basi! Amata! Mpeni mtoto amata!"

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimelitupa jina la baba mkwe usoni pake, mbele ya ukoo wake, tena kwa kupiga kelele. Mzee hakunikemea. Aliweka chombo chini, akainuka, akaingia ndani. Heri angenipiga.

Asubuhi nilirudishwa kwetu. Mtoto alikuwa ameshaacha kunyonya, na mtoto ni wa ukoo wa baba yake, akabaki. Nilisikia akilia mpaka nilipopinda njia ya chini. Nilishuka Gisenyi nikiwa sina hata nguo yake moja ya kunusa.

Kwa desturi mke aliyerudi kwao hungoja mumewe aje na pombe kumchukua. Nilingoja. Baba alitoka na boti, akarudi, akanikuta nimekaa pale pale. Hakuniuliza maswali. Alininunulia sabuni, chumvi, vitu ambavyo tulikuwa navyo tayari. Sikuweza kula vizuri. Kila mtoto alipolia mtaani nilisimama.

Hatimaye walikuja, bwana yangu na msemaji wao, na mitungi ya pombe. Msemaji alikuwa mfanyabiashara, alikijua Kiswahili kama sisi, lakini alitoa masharti kwa Kinyarwanda na hakubadilisha hata baba alipomwomba. Nitarudi. Nitaomba radhi. Na ndani ya ua ule hakitasikika tena Kiswahili, si kwa mtoto, si kwa mtu yeyote. Nikivunja sharti, nitashuka moja kwa moja na mtoto sitamwona.

Nilimtazama baba. Nilijua nikikataa atanishika mkono na kunikalisha, bila neno la lawama. Lakini alisema:

"Enda. Mutoto yako iko kule. Mudomo ni kitu gani? Ufunge, umulee mutoto."

"Na we, papa?"

"Mi niko na boti. Bon, simama, usiwacheleweshe watu."

Nikarudi. Nikaomba radhi kwa magoti. Mzee alinisamehe kweli, hilo siwezi kumnyima. Mwenzangu naye akanipa neno lao, sasa bila kuombwa. Lilikuwa neno dogo tu, maana yake kama kusema vitu vyeupe. Nikajifunza mengine yote: ya kubembeleza, ya kukaribisha, ya kukataa pasipo kukataa. Nilijifunza kwa hofu, na mwenye hofu hujifunza haraka. Mwanangu alinizoea upya. Kiswahili kilimtoka kama meno ya utoto, hakukikumbuka hata kidogo.

Siku moja baba alipanda mlima kutuona. Alikuwa amevaa kofia yake ya boti na amechukua shati dogo alilomshoneshea mjukuu kwa fundi. Alikaribishwa vizuri. Mzee alimpa maziwa kwa mikono yake, baba akayapokea kwa mikono miwili, akanywa, akasifu kwa Kinyarwanda chake cha bandarini. Kisha akamwita mtoto.

"Kuya huku, kijana. Mi ni babu yako. Nani alikukataza kuniona?"

Mtoto alijificha nyuma ya bibi yake. Nikamwambia kwa Kinyarwanda aende amsalimie babu, akaenda, akasalimia vizuri kwa adabu. Baba akafurahi. Akamvalisha shati. Halafu akanigeukia mimi, akashusha sauti, kama tulivyokuwa tukikaa wawili jikoni.

"Na we, mama? Unakula? Wanakuchunga? Niambie kweli."

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu. Bwana yangu alikuwa mlangoni. Mwanangu alikuwa anashika vifungo vya shati lake jipya. Nilijibu kwa Kinyarwanda kwamba mimi ni mzima, kwamba nyumba ni ya amani.

"Sema na mi," akasema. "Mi ndiye nauliza."

Nilitaka kumwambia kwamba nalia nikichota maji, kwamba naota sauti yake, kwamba sili vizuri. Hayo yote nilikuwa nayo kwa Kiswahili tu. Nikarudia lile lile kwa Kinyarwanda, polepole, neno kwa neno, kama unavyomsemesha mtu asiyejua lugha.

Ni baba aliyeniambia nifunge mdomo, lakini nadhani hakuwa amefikiri kwamba utafungwa hata kwake. Sikuona hasira usoni pake. Alivua kofia, akaivaa tena, akasimama. Akawaaga wazee. Kisha akaniinamia kidogo, akaniaga kwa Kinyarwanda, kwa yale maneno ya heshima anayoambiwa mke wa mtu, mwenye nyumba usiyemjua.

"Murabeho," alisema, na akashika njia ya kushuka.

Mwanangu alikimbia mpaka ukingo wa ua kumtazama. Aliporudi aliniuliza kwa nini mzee yule hajui kusema. Nilimjibu kwamba anatoka ziwani, na kwamba watu wa ziwani husema kwa namna yao. Nilimjibu vizuri, kwa utaratibu, bila kukwama popote. Mama mkwe alikuwa anatusikiliza. Akanigusa bega, akaniambia kwamba sasa nasema kama mtu aliyezaliwa na watu.

Nilimshukuru.