Baba Alipowasha Taa

Juzi, katika duka moja huku ughaibuni, mjini Bloomington, nilikuwa nachagua kidude cha garini kinacholia kikinasa rada za polisi za kupima mwendo. Muuzaji akawasha kimoja. Kilipolia tu, nikamkumbuka Baba.

Nilipokuwa mtoto, alikuwa na kidude kama hicho. Alasiri moja kililia tukielekea mtaa wa Frogtown, gari likinukia maandazi ya moto. Baba akawamulikia taa madereva waliotoka upande wa pili, kuwaonya kuna polisi, kama wanavyofanya madereva kwetu Kenya. Gari la tatu lilikuwa la polisi wenyewe.

Likageuka, likatusimamisha.

“Mbona umenimulikia taa?” polisi akauliza. 

“Alikuwa anakusalimia,” nikawahi kumjibu kabla ya Baba. Ndivyo nilivyoamini.

Polisi akanitazama, kisha akatuachilia. Hadi nyumbani Baba hakugusa andazi hata moja, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilidhani amenikasirikia. Sasa najua alimwogopa polisi yule kuliko alivyotaka nijue.